Gundi ya Baba

Mama alinipigia simu akaanza na habari za mvua, kama kawaida yake. Alipomaliza mvua ndipo akasema kwamba kibanda cha baba kimeondolewa kwa sababu barabara inapanuliwa, na kwamba vitu vyote vya kazi viko ndani ya katoni mbili chini ya meza ya sebuleni. "Hataki nizitupe na hataki nizifungue," akasema. "Wewe kuja uongee na baba yako." Nikaomba ruhusa kazini, nikaja Nakuru.

Katoni ya kwanza niliifungua mimi. Kabla sijaona kitu chochote, harufu ilinifikia: gundi ya viatu, ile ya manjano inayopanda puani hadi macho yatoe machozi, na chini yake nta, ngozi kuukuu na rangi nyeusi ya viatu. Wa rika langu mtaijua harufu hiyo, sisi ambao jozi moja ya viatu vya shule ilivaliwa mpaka ikawa na uzi mwingi kuliko ngozi. Kwenu labda inawakumbusha Jumapili jioni, viatu vikisubiri Jumatatu. Mimi inanikumbusha kosa nililomtendea baba yangu kwa wiki tatu nzima, naye hakunijibu hata neno.

Niseme kwanza kazi yangu, maana hata shangazi zangu bado wanawaambia watu kwamba napiga tarumbeta. Napuliza obo katika okestra. Obo ni bomba jembamba la mbao nyeusi, limejaa vitufe vya chuma kila mahali. Wanamuziki wote wakishaketi jukwaani, mimi ndiye ninayetoa sauti moja ndefu, na wengine wote wanalinganisha ala zao na sauti hiyo. Inaonekana kazi ya heshima sana. Ukweli ni kwamba nusu ya maisha yangu sipulizi. Naketi mezani na kisu na kinoo, nachonga, kwa sababu obo hailii kwa mbao yake. Inalia kwa kitu kidogo unachotia kinywani: vipande viwili vya tete, vyembamba kama ganda la kitunguu, vilivyolazwa pamoja na kufungwa kwa uzi juu ya kijibomba cha chuma. Mbele kabisa, kati ya vipande hivyo, pana mwanya mdogo. Pumzi ikipita hapo, vinatetemeka, na obo inalia. Baba alikiita ulimi, kama ulimi wa kiatu, na mpaka leo sijapata jina lililo bora kuliko hilo.

Tuliishi Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, kwenye ploti ya nyumba za mabati iliyokuwa na familia nane na mfereji mmoja wa maji. Babu alitoka Vihiga kuja kufanya kazi ya reli. Baba hakupata reli, akapata viatu. Kibanda chake kilikuwa kando ya njia ya kwenda Kaptembwo, na ungemkuta pale tangu asubuhi, aproni ya ngozi mapajani, misumari midogo midomoni, akiongea na wateja kwa pembe moja ya mdomo. Mimi nilipewa jina la mama yake, Kageha, kwa hiyo hakuwahi kuniita binti wala mtoto. Aliniita mama. Kila siku ya shule, saa saba mchana, nilitoka mbio kumpelekea chakula, nikaketi juu ya debe nikimwangalia akila, nikarudi darasani nimechelewa.

Ni kwa sababu ya kuchelewa huko nilipata obo. Shule yetu iliwahi kuletewa sanduku la ala za muziki, msaada wa watu wa ng'ambo ambao nadhani walikuwa wakisafisha stoo zao. Mwalimu Cherono, aliyetufundisha kwaya, alizigawa baada ya chakula cha mchana. Nilipofika, tarumbeta zote zilikuwa zimeshapata wenyewe, ngoma zimepata wenyewe, hata filimbi iliyovunjika ncha ilikuwa imepata mwenyewe. Kilichobaki ni kijisanduku cheusi ambacho hakuna aliyekitaka kwa kuwa hakuna aliyejua ni nini.

"Kageha, hii imekungoja," Mwalimu Cherono akasema. Alikuwa amesoma kijitabu kilichokuja nacho, na kwa kweli alijua yaliyomo kwenye kijitabu hicho na si zaidi. Akanionyesha ulimi, mmoja tu, umelazwa kwenye pamba. "Hii ni moja pekee yake. Ikivunjika, hii obo inakuwa fimbo. Umeskia?"

Nilisikia. Niliutunza ulimi ule kuliko nilivyotunza meno yangu. Mwalimu aliniruhusu kukaa na obo nyumbani, na kila siku baada ya shule niliketi kitandani nikapuliza. Miezi ya kwanza ilikuwa mibaya, sitadanganya. Mama Brayo wa mlango wa tatu alimwuliza mama kama siku hizi tunafuga bata. Baba akirudi kutoka kibandani, amechoka, alivua viatu akanisikiliza kidogo, kisha akasema, "Mama, hii kitu itatufukuzisha hapa." Alisema akicheka. Mimi niliyaweka maneno, nikakiacha kicheko.

Halafu Mwalimu Cherono akatuletea habari. Jumamosi ya mwisho ya muhula angekuja mgeni kutoka Nairobi, mtu anayefundisha okestra ya watoto wakati wa likizo. Angesikiliza kila mtoto, achague mmoja wa kwenda naye. Wenzangu waliopuliza tarumbeta walikuwa tisa. Mwenye obo nilikuwa mimi peke yangu, na hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Nilianza kujiona tayari niko Nairobi. Nililitaka jambo lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na kila aliyenikaribia alilisikia, akachoka.

Siku moja, ikiwa imebaki wiki tatu, nilirudi kutoka shuleni nikafungua kijisanduku. Ulimi ulikuwa mahali pake kwenye pamba, lakini ulikuwa unang'aa mbele. Nikautia kwenye obo, nikapuliza. Kimya. Nikapuliza tena hadi masikio yakaziba. Nilipoutazama vizuri karibu na dirisha nikaona: ule mwanya wa mbele haukuwepo. Vipande viwili vilikuwa vimegundishwa pamoja, kwa unadhifu kabisa, bila tone kumwagika pembeni, na vilinuka gundi ya manjano. Rhonda nzima nilijua mtu mmoja tu mwenye mkono wa namna ile.

"Nani ameshika obo yangu?" nilimwuliza mama.

"Baba yako alikuwa nayo asubuhi. Muulize."

Sikumwuliza. Jioni aliingia, akaweka mfuko wake chini, akanitazama kwa tabasamu kubwa. "Mama, umeona ile kitu yako?"

"Nimeona," nikasema, nikaenda kulala nikiwa nimegeukia ukuta.

Tabasamu lile ndilo lililoniua. Nililala nikiliona. Nilijiambia kwamba alichoka na kelele, ameogopa mwenye ploti, na kwa kuwa ni fundi amezimaliza kelele kwa ufundi, kisha anakuja kunicheka. Kesho yake mchana nikaenda hadi karibu na kibanda, nikiwa nimepanga maneno ya kumwambia mbele ya wateja wake. Nikamkuta ameushika ulimi ule kwa koleo, anakata uzi wake na kisu. Akaufungua mzunguko mmoja, akaufungua mwingine, polepole, kama mtu anayenyonyoa kuku. Hakuniona. Niligeuka nikarudi shuleni. Sasa nilikuwa na hakika: gundi haikumtosha, anaumalizia.

Kuanzia siku hiyo nilimwadhibu baba yangu. Mtoto hana fimbo, lakini ana njia zake. Nilimwekea chai mezani nikitazama mlango. Akiniuliza jambo nilimjibu ndiyo au hapana. Nilimwambia mama kwamba masomo yamekuwa mengi, chakula cha mchana apeleke yeye, naye akanitazama kwa muda mrefu, akapeleka. Njia ya kupita kibandani niliiacha, nikawa nazunguka nyuma ya posho mill, kinu cha kusagia unga, kwenye tope, ili nisimwone. Mwalimu Cherono nilimwambia ulimi umevunjika. Akasema basi siku ya mgeni nitasimama na kwaya, safu ya nyuma.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho yangu nilikuwa nimeyapitisha posho mill. Kwa hiyo mambo ambayo majirani wote waliyaona, mimi nilikuja kuyasikia baadaye. Walimwona baba Jumapili, akiwa bado na suruali ya kanisani, akitoka Mto Njoro na mzigo wa matete begani. Waliyaona matete hayo yakikaushwa juu ya mabati ya kibanda. Waliona dereva wa lori la viazi kutoka Molo, mteja wake wa siku nyingi, akimshushia vipande vya mwanzi alivyomwagiza. Walimsikia mchana, katikati ya viatu vya watu, akipuliza vitu vidogo vilivyolia kama mwana-kondoo aliyekwama. Wateja walimwuliza kama ameanza uganga. Tete la mtoni lilikuwa laini mno, likakunjamana kwa mate. Mwanzi wa Molo ulikuwa mgumu mno, haukutoa hata mlio.

Mimi nilichokiona nyumbani ni midomo yake tu. Ilivimba, ikapasuka pembeni, akawa anakunywa chai kwa taabu. Nilidhani ni homa. Naungama hapa kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesali kwa uchungu juu ya jambo lile la gundi, na nilipoiona midomo yake nikaona Mungu amejibu upesi kuliko nilivyotarajia.

Jumamosi ikafika. Mgeni alikuwa mzee mrefu wa shati jeupe, mpole, mwenye kusikiliza akiwa amefumba macho. Tarumbeta zikapita moja moja. Mimi nilikuwa safu ya nyuma ya kwaya, nikitazama shingo ya aliye mbele yangu. Ndipo mlango wa ukumbi ukafunguka, nikasikia watoto wanacheka. Baba alikuwa amesimama pale na aproni yake ya ngozi, mkononi ana kopo la rangi ya viatu.

"Samahani, mwalimu," akamwambia Mwalimu Cherono. "Nimeleta ndimi za Kageha. Ziko saba. Sijui gani ndio mzuri, mimi masikio yangu ni ya nyundo."

Mgeni alinyanyuka. Akachukua ulimi mmoja kutoka kwenye kopo, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akaugeuza. "Hizi umenunua wapi, mzee?"

"Sijanunua. Nimetengeneza."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu. Alikuwa na moja, nikaiharibu." Baba alisema hivyo mbele ya ukumbi wote, kwa sauti ile ile aliyotumia kumweleza mteja kwamba kiatu chake kimeungua kwenye jua. "Niliona iko wazi hapa mbele, nikajua imeachia, kama vile soli huachia. Nikaitia gluu. Nilitaka akitoka shule apate iko sawa, sababu alikuwa anaingojea sana hii siku. Kumbe inafaa kukaa wazi. Mama yake ndio aliniambia hailii tena."

"Halafu?"

"Halafu nikaifungua uzi, nione vile ilifungwa. Kiatu ukiifungua polepole, inakuonyesha vile ilishonwa. Uzi nikaelewa, vibomba nikakata kwa eria ya redio mbovu. Shida ilikuwa matete. Mwishowe kuna mama anauza kuku, akanipea tenga yake ya zamani, ya matete. Hiyo ndio ilikubali."

Miaka mingi baadaye nilijifunza kwamba tete la obo huachwa likauke kwa miaka kabla ya kuguswa na kisu. Baba hakuwa na miaka. Alikuwa na wiki tatu na tenga kuukuu la kuku.

Sijawahi kuona aibu kama ile niliyoiona pale kwenye safu ya nyuma. Kila nilichokuwa nimekipanga kichwani kwa wiki tatu kilianguka mara moja: tabasamu la jioni ile lilikuwa la mtu aliyengoja kusikia asante, na kisu nilichokiona kilikuwa kinasoma. Na midomo, Mungu wangu, midomo. Nilitamani ardhi inimeze, lakini sakafu ya ukumbi wetu ilikuwa saruji nzuri tu.

"Kuja, mama," baba akasema, akaninyooshea kopo. "Jaribu."

Mwalimu Cherono mwenyewe alikimbia kuleta obo, maana nilikuwa nimeirudisha ofisini kwake kama kitu kilichokufa. Ulimi wa kwanza haukulia. Wa pili ukalia kama mbuzi, ukumbi ukacheka. Wa tatu haukulia. Wa nne ulipasuka. Nilimtazama baba. Alikuwa anatazama vidole vyangu, si mimi, kama anavyotazama mtu akijaribu kiatu na kutembea hatua mbili tatu. Wa tano ukaingia vizuri, nikavuta pumzi, na obo ikalia. Sauti ilikuwa na ukwaruzo ndani yake, na noti moja ya juu ilishuka kila nilipoifikia, lakini ilikuwa sauti. Nikapuliza wimbo wa kanisani niliofundishwa, ubeti mmoja, nikaufikisha mwisho.

Mgeni alifumbua macho. "Mtoto ana pumzi," akasema. Kisha akamgeukia baba. "Na wewe mzee, utakuja naye Nairobi?"

"Mimi niko na viatu za watu," baba akajibu, na kweli akaondoka hapo hapo, kwa kuwa kuna mteja aliyemwacha kibandani peku.

Nilichukuliwa. Likizo ile na zilizofuata nilikwenda Nairobi, na yule mzee wa shati jeupe alimtumia baba matete halisi, uzi halisi na vijibomba, pamoja na karatasi ya maelezo ambayo baba aliisoma mara moja akaifanya ya kufungia misumari. Alinitengenezea ndimi mpaka nilipomaliza masomo. Alinifundisha kunoa kisu, kupaka uzi nta, kukaza mzunguko kwa kuuvuta kwa kifua badala ya mkono. Wapo wenzangu kazini waliosomea uchongaji huo kwa walimu wakubwa. Wakiniuliza nilisomea wapi, nawaambia Rhonda, kwenye debe. Wanadhani ni chuo.

Lakini juu ya zile wiki tatu hatukuzungumza. Siku ile jioni aliporudi nyumbani nilimwekea chai nikamtazama usoni, naye akaipokea, akaniuliza kama viatu vyangu vya kwenda Nairobi viko sawa. Ikaishia hapo. Kila mwaka uliopita nilijiambia nitamwambia, na kila mwaka nilipata sababu. Nimelelewa na mtu aliyetengeneza alichoharibu bila kusubiri nimwamini kwanza. Ni neema kubwa, na mimi niliitumia miaka mingi bila hata kusema nimeiona.

Kwa hiyo hapo sebuleni, harufu ikiwa bado puani, nilitoa koleo, nikatoa nyundo, na chini kabisa nikalipata kopo lile la rangi ya viatu. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Jicho moja limeingia ukungu, lingine linamsaidia kiasi. Alisikia kopo likilia.

"Lete hiyo."

Akalifungua mwenyewe kwa ukingo wa kidole gumba, kama zamani. Ndani mlikuwa na ndimi mbili tatu zilizopasuka, na kipande cha gazeti kilichokunjwa. Akakikunjua. Vilikuwa vipande viwili vya tete, havina uzi, havina kijibomba, mbele vimegundishwa. Niliutambua ulimi ule kabla hajaniambia.

"Baba," nikasema, "wakati ule nilidhani ulifanya makusudi."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mtoto akikupea chai akiangalia mlango, utakosa kujua?"

"Na hukuniambia kitu."

Akafikiri kidogo, akipapasa kile kitu kwa vidole. "Ningekuambia nini? Nikisema sikukusudia, hayo maneno ungeyapuliza?"

Nilimwambia anisamehe. Nilimwambia asante, kwa ule ulimi wa tano na kwa midomo yake na kwa yote. Nililia, sifichi. Yeye alipunga mkono kama anafukuza nzi, na nikaona kwamba hanisikilizi sana. Alikuwa anapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo wa gundi, taratibu, kama alivyokagua soli kabla ya kumrudishia mwenyewe kiatu. Kisha akanikabidhi.

"Jaribu kufungua."

Nilijaribu kwa ukucha. Nikajaribu tena kwa nguvu zaidi.

"Imeachia?" akauliza.

"Haijaachia, baba."

"Umeona," akasema, akaegemea kiti chake. "Hiyo niliitengeneza vizuri."